Kiingereza cha wodini: dhana zinazowaponza wanafunzi wa uuguzi

Dhana: Ukiwa na Kiingereza cha kunyoosha, wodini hutapata shida.

Hapa Tanzania mwanafunzi wa uuguzi anasoma kwa Kiingereza na faili anajaza kwa Kiingereza, lakini mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kiswahili. Ugumu uko hapo katikati. Mama anasema, "Sista, nina kifua," mwanafunzi anaandika "chest pain", kumbe mama anakohoa tu. Mwingine analalamika chembe ya moyo, mkono ameuweka juu ya kitovu. Hiyo ni "epigastric pain", maumivu ya juu ya tumbo, ingawa yeye ametaja moyo. Mwambie akuonyeshe kwa kidole kabla hujaandika.

Mtego mbaya zaidi ni saa. Niliwahi kupokea zamu nikakuta artesunate ya sindano, dawa ya malaria kali, imeandikwa 2:00, ambayo kwa Kiingereza ni saa nane usiku. Dawa hiyo hutolewa mwanzo, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Kwa maandishi yale, dozi ya pili ilikuwa ya saa nane mchana. Nikampigia mwenzangu wa usiku: alichoma saa mbili usiku, yaani 20:00, kwa hiyo dozi ilitakiwa saa mbili asubuhi ile ile, na mgonjwa alikuwa mtoto mwenye malaria kali. Tangu siku hiyo nawaomba wanafunzi wangu waandike kwa mfumo wa saa 24, na mgonjwa akitaja saa, wamuulize: asubuhi au usiku?

Dhana: Vifupisho ni dalili ya ujuzi.

Herufi U ya insulini ikiandikwa haraka husomeka sifuri, 4U ikawa 40. Andika "units" yote. Vilevile andika 1, usiandike 1.0, maana nukta ikififia inabaki 10.

Dhana: Ukimwomba dokta arudie, utaonekana hujui.

Basi mwanafunzi anaitikia "Yes, doctor" na moyo unamdunda. Jamani, msifanye hivyo. "Fifteen" na "fifty" zinafanana masikioni, kwenye simu ndiyo kabisa, na hata sisi wa siku nyingi tunauliza. Sema: "Fifteen, one-five?" Ukishaandika, msomee agizo lote: jina la mgonjwa, dawa, kiasi, njia, muda. Lafudhi yako iache ilivyo. Subiri akuitikie ndipo uende kwenye trei ya dawa.