Trauti Anaibuka, Chambo Hakigusi

Meiflai, wadudu wa majini wenye mabawa, wanatoka mtoni, viduara vya samaki wanaoibuka kula vinatokea kila upande, na chambo chako, ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, kinapita juu ya samaki kana kwamba hakipo. Hapo wengi hubadilisha rangi. Mara nyingi kosa si rangi, ni kina: trauti anakula tunutu, yaani meiflai wachanga, wanaohangaika kujivua ngozi chini kidogo ya uso wa maji, nawe unamwonyesha mdudu ambaye ameshasimama juu.

Kwa hiyo usirushe kwanza. Chagua samaki mmoja umtazame. Pua ikitokeza na povu dogo likabaki, amemmeza mdudu wa juu pamoja na hewa. Ukiona mgongo na ncha ya mkia tu, bila povu, anakula chini ya uso. Akirusha maji kwa kishindo, huenda anawakimbiza kadisi, wadudu wengine wa majini wanaofanana na nondo, maana hao hupanda haraka.

Kwa huyo wa mgongo na mkia, funga ndoana namba 16 yenye mwili unaozama na kishungi kinachoelea. Paka mafuta ya kueleza kishungi peke yake. Ukipaka chote, umerudi ulikotoka. Nailoni ya kuunganisha mshipi na chambo, ya mita 2.7, yatosha, ncha yake iwe na unene wa milimita 0.15. Nayo ipake mafuta, ila sentimita 30 za mwisho ziache zizame.

Kulenga ndiko kunakowashinda wengi. Duara silo makazi ya samaki. Trauti hurudi nyuma na mkondo huku akimkagua mdudu, humdaka, kisha hupanda tena mahali pake. Duara nalo linazidi kuteremka. Ukitua katikati ya duara, chambo kimeangukia nyuma yake na hatakiona. Tua mita moja au moja na nusu kutoka kwenye duara, upande mkondo unakotoka.

Kisha kuna mkokoto, yaani chambo kuburutwa na mshipi. Mkondo wa kati wenye kasi hushika tumbo la mshipi na kukivuta chambo. Simama nyuma ya samaki, upande mkondo unakoelekea, rusha mshazari kuelekea juu ya mto, na mshipi ukishatua tu, uinue kwa ncha ya ufito uutupie upande wa juu. Chambo kiende sawa na povu lililo kando yake. Kikikwaruza maji hata kidogo, trauti hukiacha.

Katika mito ya Nyandarua na Mlima Kenya, kama Gura ambako trauti wa kahawia kutoka Uskoti walipandikizwa mwaka 1905, wadudu hawa hawana msimu mmoja mkubwa kama kule Ulaya. Hutoka kidogo kidogo mwaka mzima. Samaki hachagui sana spishi, basi acha nyumbani ile mikebe kumi ya vyambo.

Jioni mambo hugeuka. Meiflai hujivua ngozi mara nyingine akiwa tayari ana mabawa, hutaga, kisha huanguka majini mabawa yamelala bapa, angavu kama kioo. Trauti humnyonya polepole, hana haraka na mfu. Funga chambo chenye mabawa bapa, na akikichukua inua ufito taratibu: ukivuta kwa nguvu, ile milimita 0.15 itakatika.