Maswali na majibu: weldi, macho, kifua na makuti

Maswali haya huulizwa na mafundi wa kuchomelea vyuma wa Lamu, na zaidi na jamaa zao, kwa kuwa madhara ya weldi mengi hujitokeza fundi akiwa amesharudi nyumbani.

Mwanangu ni mwanagenzi wa fundi. Mchana alikuwa mzima, usiku akaamka analia, macho kama yametiwa mchanga. Amepatwa na nini?

Mwanga wa weldi umemuunguza macho. Una miale ya urujuanimno inayochoma utando wa mbele wa jicho, na maumivu huchelewa saa 6 hadi 12. Aliyeshika chuma kando huungua sawa na fundi. Mlaze gizani, mwekee kitambaa cha maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, mpe dawa ya maumivu, asisugue. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Tafadhali msimtie maziwa wala kipande cha kiazi machoni, huingiza vijidudu. Wala msinunue matone ya ganzi: yakitiwa mara kwa mara huzuia jicho kupona. Akiona ukungu, au chembe ya chuma ikiwa imemwingia, aende hospitali mara moja.

Miwani ya jua haitoshi?

Haitoshi hata kidogo. Weldi ya umeme inataka kinga ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au zaidi, na msaidizi awe na yake.

Nikichomelea mabomba yaliyopakwa zinki, jioni napata homa na baridi. Ni malaria?

Huku pwani kapime, usikisie. Lakini moshi wa zinki huleta homa kama hiyo saa chache baada ya kazi, pamoja na ladha ya chuma mdomoni, na huisha kwa siku moja au mbili. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni. Moshi uko mapafuni. Mwaka 2017, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa weldi kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi nje, upepo ukupige ubavuni ili moshi usipite usoni. Leso mdomoni haizuii moshi huo.

Tangi la petroli la boti limetoboka, lakini ni tupu. Nichomelee?

Usichomelee. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka, na kusuuza kwa maji hakuumalizi. Tafuta tangi jingine.

Na nyumba ya makuti iliyo karibu?

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Cheche huruka mita 10 na zaidi, na katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu gari la zimamoto halipiti. Kama chuma kinabebeka, kipeleke mahali pa wazi. Kisipobebeka, ondoa magunia na mbao, mwagia maji ardhi, weka ndoo za maji na mchanga, na mtu wa kuangalia cheche tu. Asiondoke kazi inapokwisha. Akae saa nzima, kwa sababu makuti hufukuta kimyakimya kabla ya kuwaka. Adhana ikikaribia, zima mashine mapema, au mpeane zamu ya kuswali, mmoja abaki pale.