Anayejidunga Apate Huduma Zote Mahali Pamoja

Mtu anayejidunga heroini mara nyingi hufika kituo cha afya akiwa amechelewa: jipu limeshaiva, au homa imemkaa wiki nzima. Si uzembe. Wengi waliwahi kusemwa mbele za watu, au kuambiwa waache kwanza ndipo watibiwe. Sharti hilo halina msingi wa kitabibu. Dawa za VVU hufanya kazi hata kwa anayeendelea kutumia, na homa ya ini aina ya C huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

Kinachowaangusha zaidi ni huduma zilizotawanyika. Chukua mgonjwa anayekunywa kila siku methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kisha akagundulika ana kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hulifanya ini livunje methadoni upesi. Baada ya siku chache arosto, yaani mateso ya kukosa dawa mwilini, inamrudia: jasho, kuharisha, mwili kuuma, usingizi hauji. Kama kliniki ya methadoni na ya kifua kikuu haziwasiliani, yeye ataona vidonge vipya ndivyo vinavyomtesa na kuviacha, au atarudi kwenye sindano. Zikiwa pamoja, daktari humfuatilia tangu mwanzo na kumwongezea methadoni kadiri inavyohitajika, na muuguzi humpa dawa zote dirisha moja akimwona anameza. Rifampisini ikiisha, dozi ya methadoni nayo ishushwe taratibu, maana ikibaki juu inaweza kumkata pumzi. Hilo husahaulika mno, na ni hatari.

Hapo hapo apimwe VVU na homa ya ini, achanjwe homa ya ini aina ya B, asafishwe vidonda na apewe sindano na mabomba mapya bila kuhojiwa. Saa za kazi zimfae pia anayeishi kwa vibarua, na asiye na kitambulisho asirudishwe. Wanawake, ambao wengi huogopa kunyang'anywa watoto, wapate faragha na huduma ya ujauzito. Waelimishaji rika waajiriwe na walipwe. Wao ndio wanaoaminika maskani.

Wanaojidunga wapewe pia naloksoni, wao na jamaa zao. Aliyezidiwa na heroini huzinduliwa nayo ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake inaweza kuisha baada ya nusu saa tu. Asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa.