Kwarteti isiyo na rekodi nyingi si lazima iwe dhaifu

Wapenzi wengi wa muziki wa Ulaya huamini kwamba kwarteti ya nyuzi (utunzi wa fidla mbili pamoja na viola na selo, ala kama fidla lakini kubwa zaidi na zenye sauti nzito) ya mwishoni mwa karne ya 19 yenye rekodi chache ni dhaifu. Ingekuwa nzuri, ingerekodiwa. Ni rahisi kufikiri hivyo. Lakini santuri za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba dakika 4 hivi kila upande. Kwarteti ya dakika 40 ilihitaji santuri 5, na msikilizaji ainuke kila mara kuigeuza, fidla zikikatizwa njiani. Kampuni zikachagua kazi zilizokwisha kujulikana. Santuri ndefu, zilizobeba dakika nyingi zaidi kila upande, zilikuja 1948, lakini mazoea hayo ya kuchagua yakabaki. Ukitaka kuhakikisha, linganisha mwaka wa utunzi na wa rekodi ya kwanza, kisha isikilize ukifuatilia viola na selo tu. Mimi hukuta utamu mwingi humo. Nota za zama hizo nyingi zinapatikana bure kwenye intaneti.