Bia iliyokolea hopsi: maana yake, na chakula kinachopatana nayo

Chai huitwa ya tangawizi pale tangawizi inapotangulia majani ya chai mdomoni. Bia iliyokolea hopsi ni vivyo hivyo: hopsi zimekishinda kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa ambayo bia hutengenezwa nayo. Inayojulikana zaidi katika kundi hili ni IPA, kifupi cha India Pale Ale.

Hopsi ni maua ya mmea unaojiviringisha kwenye kamba na kupanda juu, Humulus lupulus. Ndani ya maua ya kike mna unga wa manjano uitwao lupulini, na humo ndimo uchungu na manukato vilimo. Karibu kila bia ina hopsi. Zinapishana kwa kiasi kilichotiwa na, kwangu mimi muhimu zaidi, kwa wakati zilipotiwa. Hopsi zikichemshwa saa nzima, asidi zake za alfa hubadilika na kuipa bia uchungu, ila mafuta yenye harufu hutoka na mvuke. Zikitiwa mwisho wa kuchemsha, au zikaloweshwa kwenye bia iliyokwisha poa, manukato hubaki. Kwa hiyo bia mbili zenye uchungu sawa huweza kunukia mbalimbali, hii maganda ya balungi, ile utomvu wa msonobari. Hopsi aina ya Cascade, iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, ndiyo iliyowazoesha wengi harufu ya balungi. Citra na Mosaic, zilizokuja baadaye sana, huelekea kwenye embe na pasheni.

Uchungu hupimwa kwa IBU, kipimo cha kimataifa cha uchungu wa bia. IPA ya Kimarekani kwa kawaida huwa kati ya 40 na 70, ilhali lager nyepesi huishia karibu na 10. Usiitegemee sana namba hiyo, maana kimea kingi huufunika uchungu.

Kuonja kunaanzia puani. Mimina kwenye glasi, na bia isiwe ya baridi ya kugandisha ulimi. Nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi zinatosha. Nusa povu likiwa bado jipya, kisha piga funda dogo, umeze, utulie. Uchungu wa hopsi huchelewa kufika na huchelewa kuondoka, na kule kuchelewa ndiko kunakokuonyesha kama ni laini au una ukakasi. Tafuta bia mpya, kwa kuwa manukato haya hufifia upesi, na epuka chupa iliyoanikwa kwenye mwanga.

Sasa chakula. Chumvi hupunguza uchungu, na gesi ya bia husafisha mafuta mdomoni, ndiyo maana kuku wa kukaanga na chipsi hupatana nayo bila shida. Nyama iliyochomwa hadi ikaungua kidogo pembeni inapendeza zaidi, kwani uchungu wa moto na wa hopsi ni ndugu. Jibini kali la cheddar lililokomaa ndilo chaguo langu la kwanza. Hata keki ya karoti inafaa, utamu wake ukiuvunja uchungu. Samaki mweupe wa kuchemsha, hapana; hatasikika kabisa.

Kwenye pilipili napingana na wanaosema IPA huizima. Uchungu, gesi na kilevi huongeza mwasho. Anayependa kuwashwa ataifurahia. Anayetaka nafuu achukue bia yenye kimea kitamu.