Njiti wako halii, hanyonyi, amelala tu? Mlete hospitali usiku huohuo, inaweza kuwa sepsisi

Sepsisi ni nini?
Ni bakteria wameingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, kinga yake ndogo na ngozi yake laini mno, kwa hiyo inamshika haraka, asubuhi kanyonya jioni yuko kwenye oksijeni.

Mbona mwanangu hana homa?
Jamani, hili ndo linatumalizia watoto. Njiti akiumwa mara nyingi hachemki, anapoa. Shika tumbo na nyayo, kama vya baridi na umemfunika vizuri, huyo anaumwa. Kutokuwa na homa sio uzima.

Lakini ametulia, hasumbui kabisa.
Hajatulia mama, amezidiwa. Mtoto umemkuna nyayo hashtuki, umemuwekea ziwa mdomoni maziwa yanachuruzika shavuni hamezi, huo sio usingizi. Na akihema haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea, au anaacha kuhema, au anakakamaa, usiulize mtu tena.

Si tusubiri kukuche?
Hapana. Hapana tena. Kila wiki tunapokea mtoto ambaye "alianza jana jioni", ukiuliza jana ilikuwaje unaambiwa bibi alisema ni mchango akapewa dawa ya mitishamba. Bibi tunamheshimu, ila dawa ya mchango haitibu sepsisi na njiti anaweza kupaliwa nayo. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga juu, mje usiku huohuo.

Kitovu je?
Kiwe kisafi na kikavu. Majivu, mate, poda, kinyesi cha ng'ombe, vyote hapana, mnampandia bakteria mlangoni kabisa. Dawa ya kitovu ni ile tu uliyopewa kliniki.

Mkimpokea mnamfanyia nini?
Tunachukua damu ya kuotesha, yaani kuangalia maabara kama ina bakteria, tunaanza sindano bila kungoja majibu, mara nyingi ampisilini na jentamaisini, kwa kawaida siku 7 mpaka 10. Akihitaji tunaweka oksijeni na dripu yenye sukari, maziwa unakamua anapewa kwa mpira wa puani. Antibayotiki ya maji ya dukani haifanyi kazi hii, msinunue.

Siku ya 3 kachangamka, naweza kwenda naye nyumbani?
Najua wodi inachosha na nyumbani kuna wengine wanakungoja, lakini hapana, bakteria hawajaisha, na akirudi anarudi mbaya zaidi. Maliza sindano zote.