Je, Wajua Kwa Nini Gari Kuukuu Likiandaliwa kwa Mbio Injini Huguswa Mwisho?

Volvo 240 ilichorwa Uswidi ili ibebe watoto na mizigo na ivumilie theluji. Ilitengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, na umbo lake ni la sanduku: pembe kali, kioo kilichosimama, bampa kubwa mbele na nyuma. Ukiiweka kando ya magari ya michezo ya wakati wake, hakuna ambaye angeiwekea dau. Hata hivyo, mwaka 1985 madereva Gianfranco Brancatelli na Thomas Lindström walitwaa ubingwa wa Ulaya wa magari ya saluni wakiendesha 240 yenye tabo (turbo), kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mwaka huohuo Per Stureson alichukua ubingwa wa Ujerumani kwa gari la aina hiyo, na mwaka uliofuata Robbie Francevic akachukua wa Australia.

Hayo yalikuwa magari ya timu zenye fedha. Kinachonivutia mimi zaidi ni kilichokuja baadaye: mwalimu, mhasibu au fundi umeme anayenunua 240 iliyochakaa, anaifungua gereji kwake kila Jumamosi, kisha anaipeleka kwenye mbio za klabu ambako hakuna anayelipwa. Mgeni akifika kwenye gereji ya namna hiyo, swali lake la kwanza huwa moja: injini ina nguvu za farasi ngapi? Mwenye gari mara nyingi hujibu kwamba injini bado hajaigusa. Miezi inapita, fedha zinatoka, na injini ni ileile iliyotoka kiwandani. Kwa nini?

Jibu liko kwenye muda. Gari la barabarani limeundwa kwa kazi ngumu inayodumu sekunde chache. Unalipita lori, unakanyaga mafuta, unarudi kwenye njia yako, gari linapumua. Kwenye saketi, yaani barabara ya mbio inayozunguka, hakuna kupumua. Kila kifaa kinafanya kazi ngumu kwa nusu saa au zaidi mfululizo, na kitakachoshindwa kwanza ni kile kisichoweza kutoa joto lake. Injini ya kawaida ya 240, yenye farasi kama 100 hivi, huhimili adha hiyo vizuri. Breki za kawaida hazihimili.

Tupige hesabu. Gari la kilo 1,300 likienda kilomita 160 kwa saa, kisha likafungwa breki hadi kilomita 60 ili liingie kona, mwendo uliopotea umegeuka kuwa joto. Joto hilo, kama lingekusanywa lote, lingechemsha zaidi ya lita 3 za maji ya bomba. Kufunga breki huko kunachukua sekunde chache tu. Sasa chukua mbio za nusu saa kwenye saketi ambayo mzunguko wake ni dakika moja na nusu, yenye kona nne za kufunga breki kwa nguvu: ni mara 80. Sehemu kubwa ya joto lote hilo inaishia kwenye diski mbili za mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito hulalia mbele.

Dereva wa lori aliyeteremka mlima Kitonga anaijua harufu ya breki zilizochoka. Kwenye gari dogo hatari nyingine iko ndani ya mafuta ya breki yenyewe. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini kiwango chao cha chini kinashuka hadi nyuzi 155 yakishafyonza maji. Joto la diski linapita kwenye pedi, linafika kwenye pistoni za breki, na mafuta yanachemka. Mvuke hubonyezeka, kimiminika hakibonyezeki. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea kwenda. Ni kama breki iliyoingia upepo, tofauti ni kwamba hapa upepo umezaliwa ndani ya bomba lenyewe, ukiwa na kona mbele yako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina fahari yoyote. Unamwaga mafuta yote ya zamani, unatia mapya yanayovumilia joto zaidi, unatoa upepo gurudumu baada ya gurudumu. Unafunga pedi za mbio, ambazo zikiwa baridi hushika vibaya lakini zikipata moto hazitelezi. Mipira ya breki iliyozeeka inabadilishwa kwa ile iliyosukwa waya wa chuma. Bati la kuzuia tope nyuma ya diski linang'olewa, kisha bomba laini linavutwa kutoka tundu kwenye bampa hadi katikati ya diski, hewa ipulize hapo muda wote gari linapokwenda.

Hapa ndipo 240 inapoanza kulipa wema wa waliolichora. Ina diski kwenye magurudumu yote manne, na breki zake zina njia mbili zilizogawanywa kwa namna ya pekee: kila njia inashika magurudumu yote mawili ya mbele na moja la nyuma. Njia moja ikivuja, ile nyingine bado inakamata magurudumu ya mbele yote mawili. Wahandisi wa Volvo waliuanza mpango huo kwenye gari la 144 mwaka 1966 wakifikiria usalama wa familia. Mtu wa mbio anaurithi bila kulipia.

Waandaaji wa mbio nao wanaujua utaratibu huu wa nini kitangulie. Marekani kuna mbio zinazoitwa 24 Hours of Lemons, zilizoanza California mwaka 2006, ambazo kanuni yake maarufu ni kwamba gari lisizidi thamani ya dola 500. Vifaa vya usalama, breki na matairi havihesabiwi kwenye bei hiyo. Ukitaka kuweka breki ghali kwenye gari la bei ya baiskeli, unaruhusiwa. Naiona kanuni yenye hekima kubwa.

Baada ya breki inafuata oili. Gari lenye matairi yanayonata, likizungushwa kwenye kona ndefu, linaweza kusukumwa kando kwa nguvu inayokaribia uzito wake lenyewe. Hapo oili ndani ya sampu, beseni lake chini ya injini, haikai tambarare tena, inalala kwa mteremko wa karibu nyuzi 45, imekimbilia upande mmoja. Pampu ikinyonya hewa kwa sekunde mbili, beringi za krenkishafti, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zinasagana chuma kwa chuma, maana kilichokuwa kikizitenganisha ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Injini nyingi za klabu hufa hivyo, na mwenyewe hulaumu kasi. Dawa yake ni vipande vya bati vinavyochomelewa ndani ya sampu, vyenye vilango vinavyoruhusu oili kuelekea kwenye pampu na kuizuia isitoke. Vilabu vingi pia hukataza dawa ya rejeta isiyoganda, kwa kuwa ikimwagika lami inateleza kama imepakwa sabuni, hivyo rejeta hujazwa maji.

Uzito ni kazi ya jasho zaidi kuliko akili. Viti vya nyuma, mazulia, kiyoyozi na vitambaa vya paa vyote vinatoka. Chini ya zulia kuna tabaka la lami lililobandikwa kuzuia kelele, nalo halibanduki kwa patasi kirahisi. Mafundi hulifunika kwa barafu kavu, ile ya hewa ya kaboni yenye ubaridi wa nyuzi 78 chini ya sifuri. Lami inakauka, unaigonga kwa nyundo, inapasuka vipandevipande kama kigae.

Kisha kinaingia kizimba cha mabomba, na hapa hakuna wa kubana matumizi. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, hutaka tao kuu nyuma ya dereva liwe la bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au milimita 50 kwa 2. Kizimba kinamlinda dereva gari likipinduka. Faida yake ya pili watu wengi hawaitambui: bodi kuukuu hujinyonga kwenye kona, na bodi ikijinyonga, springi na shokomzoba haziwezi kufanya kazi yake kwa uhakika. Kizimba kilichochomelewa vizuri huifanya bodi isimame imara, na baada ya hapo ukibadilisha springi unaona tofauti.

Dereva hulindwa pia na kifaa kinachoshika kichwa na shingo yake, HANS, ambacho kilibuniwa Marekani na watu wawili wa familia moja: Robert Hubbard, profesa wa uhandisi wa biomekanika, na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio.

Kwenye springi na pembe za magurudumu, mwalimu ni tairi. Gari likiingia kutoka kwenye saketi, mtu husubiri na kipimajoto chenye sindano, anachoma mpira wa tairi sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Nje ikiwa na moto kupita kiasi, gurudumu halijainamishwa vya kutosha kuelekea ndani. Katikati ikizidi, upepo umejaa mno. Ekseli ya nyuma ya 240 ni ya mtindo wa zamani, bomba moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na watu huidharau. Lakini ekseli hiyo huyaweka matairi ya nyuma wima hata bodi ikilala, hivyo kazi yote ya kurekebisha pembe inabaki mbele.

Wapenzi wa Safari Rally wanaweza kukumbuka kwamba Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda mwaka 1965 wakiwa na Volvo PV544, gari lililokuwa limekwisha kutumika, lenye umbo la miaka ya 1940. Mashindano yale yalikuwa ya vumbi na matope, siyo ya saketi, lakini walishinda wakati magari mengi mapya yalikuwa yamekwama njiani.

Na injini? Siku inapofikiwa, mara nyingi hupewa mkanda mpya wa taimingi (ule unaoendesha valvu), plagi, na valvu kurekebishwa. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, imepakwa rangi nyekundu, na kwenye zile za valvu nane mkanda ukikatika valvu kwa kawaida hazigongani na pistoni. Mwenye gari anafunga mkanda mwingine palepale uwanjani, anafunga boneti, na kurudi kwenye foleni ya kuanzia mbio za mchana.